Arthur Wint: kijiti kilichofika baada ya miaka minne



Tumezoea kusimulia hapa maisha ya wachungaji na wainjilisti waliotutangulia. Leo tumechagua mtu ambaye hakuwa mchungaji, lakini alizaliwa katika nyumba ya mchungaji. Jina lake ni Arthur Wint, wa kisiwa cha Jamaika. Alikuwa mkimbiaji, akawa rubani wakati wa vita, akawa daktari, kisha akawa balozi wa nchi yake. Vitabu vya michezo vinamtaja kwa sababu ndiye Mjamaika wa kwanza aliyepata medali ya dhahabu ya Olimpiki. Sisi tunamkumbuka kwa jambo lingine. Siku moja, mbele ya uwanja uliojaa watu, alishindwa kumfikishia mwenzake kijiti. Miaka minne baadaye wenzake wale wale watatu walisimama naye tena katika mbio ile ile.

Tunaamini kuna wasomaji wetu wengi ambao habari hii inawahusu, hata kama hawajawahi kuvaa viatu vya kukimbilia.

Mtoto wa nyumba ya mchungaji

Jamaika ni kisiwa cha bahari ya Karibi. Wengi wa wakaaji wake ni wazao wa Waafrika waliotekwa na kuvushwa bahari kwa nguvu ili wafanye kazi ya utumwa katika mashamba ya miwa. Arthur Stanley Wint alizaliwa huko tarehe 25 Mei 1920, mahali paitwapo Plowden. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa la Presbiteri. Wakati huo Jamaika ilikuwa bado koloni la Waingereza.

Kijana huyo alisoma Calabar, shule iliyoanzishwa na Wabatisti katika mji wa Kingston. Jina hilo limetoka mbali, kwa maana Calabar ni mji wa pwani ya Nijeria, na watu wengi walipakiwa melini huko wakiwa katika minyororo. Baadaye alihamia shule ya Excelsior, akamaliza huko masomo yake ya sekondari.

Shuleni Arthur alikimbia kila mbio iliyokuwapo, fupi na ndefu, akaruka juu, akaruka mbali. Alirefuka kuliko wenzake mpaka akakaribia mita mbili, na hatua zake zilikuwa ndefu ajabu. Watu walimwita Jitu Mpole, kwa sababu ukubwa wa mwili wake haukuwa na majivuno ndani yake. Mwaka 1937 alichaguliwa kuwa mwanariadha bora wa wavulana wa Jamaika. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 18 tu, alishinda mita 800 katika michezo ya Amerika ya Kati iliyofanyika Panama.

Mtu angetazamia kwamba sasa njia ya Olimpiki imefunguka. Lakini mwaka 1939 vita vya pili vya dunia vilianza. Olimpiki ya 1940 haikufanyika. Ya 1944 nayo haikufanyika. Miaka ambayo miguu ya mkimbiaji huwa na nguvu zaidi ilimpita Arthur bila mashindano hayo makubwa. Vijana wetu ambao vita vimewanyang'anya miaka ya shule wanaelewa jambo hili bila kuelezwa.

Rubani aliyerudi shuleni

Mwaka 1942 Arthur aliingia katika jeshi la anga la Uingereza, pamoja na ndugu zake wawili, Lloyd na Douglas. Alipelekwa kwanza Kanada kujifunza urubani. Hata huko hakuacha kukimbia, akaweka rekodi ya Kanada ya mita 400. Kisha alivuka bahari kwenda Uingereza, akatumika kama rubani.

Vita vilipokwisha alikuwa na miaka 25. Angeweza kubaki na sare ya jeshi na mshahara wake. Badala yake aliacha jeshi mwaka 1947, akaanza masomo ya udaktari katika hospitali ya St Bartholomew's, mjini London. Tangu siku hiyo maisha yake ya mbio yote yalikuwa ya mwanafunzi. Mazoezi yalipaswa kupata nafasi kati ya darasa, vitabu na wagonjwa.

London, Agosti 1948

Olimpiki ilirudi mwaka 1948, baada ya miaka 12, nayo ilifanyika London, kwenye uwanja wa Wembley. Jamaika ilishiriki kwa mara ya kwanza, ikiwa na kikosi kidogo. Arthur alikuwa na miaka 28.

Alianza na mita 800, yaani mizunguko miwili ya uwanja. Katika fainali alikutana na Mmarekani Mal Whitfield, mtu mweusi kama yeye na mwanajeshi wa anga kama yeye. Whitfield alishinda kwa dakika 1 na sekunde 49.2. Arthur alikuwa wa pili, nyuma yake kwa sehemu tatu za kumi za sekunde. Baadaye Whitfield aliishi Afrika miaka mingi akifundisha wanariadha, na hata katika nchi jirani ya Kenya wapo waliopita mikononi mwake.

Siku tatu baadaye ilikuwa fainali ya mita 400. Hapa karibu wote walimtazamia Mjamaika mwingine, Herb McKenley, ambaye naye alisoma Calabar. McKenley ndiye aliyeshikilia rekodi ya dunia. Bunduki ilipolia, alitoka kwa kasi kubwa mno, na katikati ya mbio ilionekana kama mambo yamekwisha. Lakini mita 400 hudai deni lake mwishoni. Miguu ya McKenley ilianza kuwa mizito, na nyuma yake zilikuja zile hatua ndefu. Karibu na utepe Arthur alimpita. Muda wake ulikuwa sekunde 46.2, sawa na rekodi ya Olimpiki. McKenley alipata 46.4. Jamaika ikapata dhahabu yake ya kwanza, na fedha pamoja nayo.

Tusimame kidogo hapa tumwangalie McKenley. Alikuja kama bingwa, akashindwa na ndugu yake wa nchi moja, tena wa shule moja. Alibaki na nafasi moja tu ya kupata dhahabu mjini London, nayo ilikuwa mbio ya kupokezana.

Kwa wasomaji ambao hawaijui mbio hiyo, tueleze kwa ufupi. Watu wanne wa nchi moja hukimbia kwa zamu, kila mmoja mzunguko mmoja wa mita 400. Wa kwanza hubeba kijiti mkononi, humkabidhi wa pili, wa pili humkabidhi wa tatu, na wa tatu humkabidhi wa mwisho. Kinachohesabiwa ni kijiti kufika. Mtu anaweza kukimbia kuliko watu wote wa dunia, lakini kijiti kisipofika, nchi yake haina kitu.

Wajamaika wanne walikuwa George Rhoden, Leslie Laing, Arthur Wint na Herb McKenley. Arthur alipangwa wa tatu. Fainali ilikimbiwa tarehe 7 Agosti. Alipopokea kijiti, Wamarekani walikuwa mbele, naye akaanza kuwafuata. Mwili wake ulikuwa umebeba raundi zote za mita 800 na raundi zote za mita 400, kwa siku chache. Katikati ya mzunguko msuli wa mguu ulikaza. Alisimama, akaanguka kwenye majani kando ya njia.

Wamarekani walishinda. Wafaransa wakawa wa pili. McKenley alikuwa amesimama mahali pake akingojea kijiti, na kijiti hakikufika. Hakukimbia hata hatua moja.

Tukifikiri vizuri, tunaona uzito uliokuwa juu ya Arthur siku hiyo. Siku mbili tu kabla alikuwa amechukua dhahabu ambayo wengi walidhani ni ya McKenley. Sasa tena, bila kutaka, alikuwa amemzuia mtu yule yule. Hakuna aliyeweza kusema ni kosa lake, kwa sababu msuli ukikaza haukuombi ruhusa. Lakini sote tunajua kwamba mtu anaweza kuwa hana hatia, na bado akalala usiku akiona mkono wa mwenzake ulionyoshwa bila kupokea kitu.

Miaka minne katikati

Arthur alirudi kwenye vitabu vyake vya udaktari. Medali zake zilikuwa mbili, dhahabu na fedha, na hakuna mtu angemlaumu kama angeacha mbio hapo. Aliendelea kusoma, na aliendelea kukimbia.

Mwezi wa Julai 1952 wanariadha wa dunia walikutana Helsinki, mji mkuu wa Finlandi. Arthur alikuwa na miaka 32 sasa, umri ambao wakimbiaji wengi wamekwisha kustaafu. Katika mita 800 alikutana tena na Whitfield, na mambo yalikwenda karibu sawa na mara ya kwanza. Whitfield alishinda kwa muda ule ule wa dakika 1 na sekunde 49.2, Arthur akawa wa pili kwa 1 na 49.4. Katika fainali ya mita 400 alimaliza wa tano. Vijana walikuwa wamempita: Rhoden alikuwa wa kwanza na McKenley wa pili, wote wawili kwa sekunde 45.9, na ilikuwa vigumu kuwatenganisha. McKenley alikuwa wa pili pia katika mita 100. Kwa hiyo mtu huyo, mmoja wa wakimbiaji wenye kasi kubwa waliowahi kuonekana, sasa alikuwa na medali tatu za fedha za Olimpiki na hakuna dhahabu.

Ilibaki tena mbio moja, ile ya kupokezana. Na Jamaika iliwaweka njiani watu wanne wale wale: Wint, Laing, McKenley na Rhoden. Zamu zilibadilishwa, lakini hakuna aliyeachwa. Yule aliyeanguka London alipewa kijiti kabla ya wote, aanze yeye.

Helsinki, tarehe 27 Julai 1952

Arthur alikimbia mzunguko wa kwanza dhidi ya Mmarekani Ollie Matson, ambaye siku mbili kabla alikuwa amemshinda katika fainali ya mita 400. Alimaliza kwa sekunde 46.8. Matson alipata 46.7. Safari hii kijiti kilifika, na Laing akakipokea karibu bega kwa bega na Wamarekani.

Laing alikimbia vizuri, 47.0, lakini Mmarekani wa pili alikuwa na kasi zaidi. McKenley alipopokea kijiti, pengo lilikuwa zaidi ya mita kumi. Katika mbio ya namna hiyo, watu wazima husema pengo hilo halizibiki. McKenley akalizipa kidogo kidogo mpaka mwisho wa mzunguko wake, akamkabidhi Rhoden kijiti akiwa mbele kwa unywele. Muda wa mzunguko wake ulikuwa sekunde 44.6. Hakuna aliyekuwa amewahi kuona kitu kama hicho.

Mzunguko wa mwisho ulikuwa wa Rhoden na Whitfield. Walikimbia njia nzima wakiwa wamebanana, kila mmoja kwa sekunde 45.5. Rhoden hakuruhusu kupitwa. Jamaika ilimaliza kwa dakika 3 na sekunde 3.9, Marekani kwa dakika 3 na sekunde 4.0. Rekodi ya dunia iliyokuwa imesimama tangu 1932 ilivunjwa kwa zaidi ya sekunde nne. Herb McKenley akapata dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, na hiyo ndiyo pekee aliyopata maishani mwake.

Watu wakisimulia mbio hiyo humtaja McKenley, na ni haki yake. Lakini tunaomba msomaji achukue kalamu ahesabu. Tofauti ya nchi mbili ilikuwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kama Arthur Wint, mtu mzima wa miaka 32, angekimbia zamu yake polepole zaidi kwa sehemu mbili tu za kumi, muujiza wa McKenley usingetosha. Zamu ya Arthur haikuwa na maajabu. Ilikuwa zamu ya mtu aliyetunza alichopewa na kukikabidhi kwa wakati wake, na dhahabu ya rafiki yake ilisimama juu ya hiyo.

Daktari wa Hanover

Mwaka 1953 Arthur alikimbia mbio yake ya mwisho. Ilikuwa Wembley, uwanja ule ule alikopata dhahabu na alikoanguka. Mwaka huo alihitimu kuwa daktari. Mwaka uliofuata Malkia wa Uingereza alimpa nishani ya heshima.

Daktari mwenye sifa kama zake angeweza kupata kazi nzuri na kukaa London maisha yake yote. Mwaka 1955 alirudi Jamaika, na hatimaye alikaa Hanover, upande wa kaskazini-magharibi wa kisiwa, mbali na mji mkuu. Huko Jamaika sehemu za utawala wa nchi huitwa parokia, nazo ni 14. Katika parokia nzima ya Hanover hapakuwa na daktari mwingine mkaaji ila yeye.

Wasomaji wetu wa vijijini wanajua maana ya neno hilo. Daktari ni mmoja, na mama wa uzazi, mtoto mwenye homa na mzee aliyevunjika mguu wote wanamtazama huyo huyo. Hakuna uwanja, hakuna saa ya kupima, hakuna anayepiga makofi.

Jamaika ilipata uhuru mwaka 1962. Mwaka 1973 nchi ilimpa nishani yake ya heshima, na kuanzia 1974 mpaka 1978 ilimtuma London awe balozi wake. Aliiwakilisha pia Sweden na Denmark. Kijana aliyeingia Uingereza kama mtu wa koloni alirudi huko akiwa na barua za nchi huru. Alipomaliza utumishi huo hakutafuta cheo kingine. Alirudi Jamaika kutibu wagonjwa.

Arthur Wint alifariki katika mji wa Linstead tarehe 19 Oktoba 1992, akiwa na miaka 72. Ilikuwa siku ambayo Wajamaika huwakumbuka mashujaa wa taifa lao. Leo barabara moja ya Kingston, karibu na uwanja wa taifa, inaitwa kwa jina lake.

Neno kwa makanisa yetu

Waandishi wa Agano Jipya walipenda kuyafananisha maisha ya imani na mbio. Tunasoma hivyo katika barua kwa Wakorintho, kwa Timotheo, na katika Waebrania sura ya 12. Mara nyingi tunahubiri sehemu hizo kana kwamba kila mtu anakimbia peke yake. Maisha ya Arthur Wint yanatukumbusha kwamba kazi tuliyopewa tulipokea kutoka mikononi mwa wengine, na kuna wengine wanaotungojea, mkono umenyoshwa.

Kwanza, tuwaangalie walioanguka. Wako wainjilisti waliokimbia kijiji risasi zilipolia, wakaacha kundi. Wako waalimu wa shule ya Jumapili walioacha kazi kwa sababu ya ugonjwa, na viongozi wa vijana ambao kambi ya wakimbizi iliwavunja moyo. Wengi wao hawana kosa kuliko Arthur alivyokuwa na kosa siku ile msuli ulipokaza. Hata hivyo, wanaporudi hukuta majina yao yamefutwa, na hakuna anayewauliza kitu. Biblia inatupa mfano wa Yohana Marko. Aliiacha safari katikati, na Paulo hakutaka kwenda naye tena. Barnaba alimchukua. Miaka ikapita, na Paulo huyo huyo, karibu na mwisho wa maisha yake, aliomba Marko aletwe, kwa maana alikuwa wa faida katika utumishi. Ni nani katika parokia yako aliyekaa nyuma miaka minne akingoja mtu amwite?

Pili, tuangalie wanaokishikilia kijiti. Katika mbio ya kupokezana, anayekataa kukiachilia huharibu kama yule anayekiangusha. Tunajua makanisa ambako mzee mmoja ameshika funguo, sanduku na madhabahu, na vijana wamesimama wakingoja mpaka wamezeeka. Arthur alikuwa mtu mkubwa kuliko wote waliokuwa njiani, mwenye dhahabu yake tayari. Alikimbia mzunguko mmoja, akaachilia.

Tatu, tuwashukuru wanaokimbia zamu isiyo na maajabu: mama anayefagia kanisa Jumamosi, muuguzi wa kituo cha afya anayebaki wengine wakiondoka, mchungaji wa mlimani ambaye jina lake halijawahi kuandikwa hapa. Siku ya hesabu tunaweza kukuta kwamba ushindi wa wote ulipatikana kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, na sehemu hiyo ilikuwa yao.

Jumapili hii, tukitoka ibadani, tupite nyumbani kwa mmoja wa wale walioanguka. Tusiende na hotuba. Twende tumwambie kwamba zamu yake bado ipo.